Baba aliposema huyu siye Mbaraka

Siku mbili kabla ya Krismasi iliyopita nilishuka stendi ya Msamvu, Morogoro, nikiwa na zawadi ya Baba ndani ya begi. Ilikuwa redio ndogo ya kuchomeka flashi, na flashi yenyewe ilikuwa na nyimbo 300 za zamani: Morogoro Jazz, Marijani Rajabu, Mlimani Park, na zaidi ya wote Mbaraka Mwinshehe, ambaye Baba humzungumzia kana kwamba walikuwa majirani. Nyimbo hizo niliwekewa na kijana mmoja mwenye kibanda na kompyuta pale ninapopandia daladala, kwa shilingi elfu kumi.

Redio ya kanda ya Baba ilikufa miaka mingi iliyopita. Kanda zake zimo kwenye boksi chini ya kitanda na haruhusu mtu kuzitupa. Kwa hiyo nilijua zawadi hii itamliza kwa furaha.

Alikaa barazani, akawasha, akainamisha kichwa. Wimbo wa kwanza haukufika nusu. Akazima.

"Huyu siye Mbaraka."

"Ni yeye, Baba. Jina limeandikwa hapo."

"Jina ni lake. Gitaa si lake."

Mama akacheka kutoka jikoni, akasema mzee haridhiki hata akiletewa bendi nzima nyumbani. Mimi sikucheka. Ninaandika habari za afya, na nimezoea kuwaambia wasomaji kwamba mtu mzima akilalamika, msikilize kwanza kabla hujamwambia anakosea. Usiku ule nikachomeka flashi kwenye kompyuta yangu nione kijana wa kibandani alikuwa ameniuzia nini.

Wimbo wa dakika nne ulikuwa na ukubwa wa MB 1.9. Kama hujui namba hiyo ina maana gani, hata mimi usiku ule sikujua vizuri. Nilikaa hadi saa saba nikisoma.

Kinachotolewa ndani ya wimbo

Muziki unapoingizwa kwenye kompyuta, mashine hupima sauti mara nyingi sana kila sekunde na kuandika namba. Kwenye CD, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1982, upimaji hufanyika mara 44,100 kwa sekunde, kwa spika ya kushoto na ya kulia. Namba hizo ni nyingi mno. Wimbo wa dakika nne hufikia takribani MB 42. Kwa simu yenye nafasi ndogo na kwa bando zetu hizi, huo ni mzigo.

Ndipo ikaja MP3. Ilitengenezwa na wataalamu kadhaa, wakiwamo wa taasisi ya Fraunhofer iliyopo Erlangen, Ujerumani, na jina linalotajwa sana ni la Karlheinz Brandenburg. Walichofanya kilinigusa kwa sababu msingi wake ni somo la sikio. Walijiuliza: katika kila sekunde ya muziki, ni sauti zipi ambazo mwanadamu hatazisikia hata zikiwepo?

Chukua mfano wa nyumbani. Mama anaongea nawe kwa sauti ya chini, mara jirani anafungulia sabufa. Mama hajanyamaza, mdomo wake bado unacheza, lakini husikii kitu. Sauti kubwa imeifunika ndogo. Hata baada ya kishindo kikubwa, kwa kitambo kifupi sana sikio halikamati sauti ndogo inayofuata. Ndani ya muziki hali hiyo hutokea kila wakati. Ngoma ikilia, kuna mguso mdogo wa kinanda ambao unafunikwa. MP3 hutafuta sauti hizo zilizofunikwa, huzitupa au huzihifadhi kwa namba chache, na kutunza vizuri zile zinazosikika.

Kazi haikuwa rahisi. Brandenburg amesimulia mara nyingi jinsi alivyotumia wimbo wa Suzanne Vega wa Marekani, "Tom's Diner", kujaribu mfumo wake. Ni sauti ya mwanamke peke yake, bila ala, kwa hiyo hakuna kelele ya kuficha makosa. Jaribio la kwanza lilitoka vibaya, na alilazimika kuusikiliza tena na tena akirekebisha. Jina la faili la .mp3 tunaloliona leo lilichaguliwa mwaka 1995.

Kwa hiyo kubana wimbo si dhambi. Kinachoamua ni kiasi. Kipimo chake ni kilobiti kwa sekunde. CD hutumia kilobiti 1,411. MP3 nzuri hutumia 320, ya kawaida 128, na ya kubana sana 64 au chini yake. Huhitaji programu yoyote kujua: chukua ukubwa wa wimbo kwa MB, gawanya kwa dakika zake. Ukipata takribani MB 2.4 kwa dakika, hiyo ni 320. Ukipata karibu MB 1, ni 128. Ukipata nusu MB, ni 64.

Zangu zilikuwa nusu MB.

Ikiwa hivyo, mashine inaishiwa na vitu vya kutupa vilivyofunikwa, inaanza kutupa vinavyosikika. Sauti nyembamba za juu ndizo huenda kwanza. Matoazi ya ngoma, badala ya kulia "tsii", hutoa mchakacho kama maji yanayopita kwenye bomba. Mguso wa kucha kwenye waya wa gitaa hulainika. Sauti ya mwimbaji huwa kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa.

Tena nyimbo zile zilikuwa zimebanwa zaidi ya mara moja. Kijana hakuwa na CD wala santuri. Alikuwa amezichukua kwenye video za mtandaoni, ambako tayari zilikuwa zimebanwa, akazigeuza MP3, halafu akazipunguza tena ili zienee 300. Ni fotokopi ya fotokopi. Na ukishafika huko, hakuna kurudi. Ukichukua wimbo wa 64 ukaugeuza kuwa 320, unapata faili kubwa lenye upungufu uleule.

Nikalala nikiwa nimeridhika. Baba alikuwa sahihi, kosa ni la flashi, na mimi mwanawe nitalirekebisha.

Asubuhi nikaanza kuwa na shaka

Kilichonisumbua ni lile boksi chini ya kitanda. Nilizitoa kanda mbili tatu nikazitazama. Nyingi Baba alizirekodi mwenyewe kutoka redioni, wakati wa Radio Tanzania Dar es Salaam, huku mtangazaji akikatisha mwishoni mwa wimbo. Nilikua nikizisikia. Zilikuwa na mvumo wa "shhh" mwanzo hadi mwisho, na siku betri zikiisha Mbaraka aliimba kama mtu mwenye usingizi. Baba hakuwahi kusema si yeye.

Hata kabla ya kanda mambo yalikuwa hivyo. Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri za wakati ule zilibeba dakika chache tu kila upande, zikiwa na mikwaruzo yake. Watu walimtambua na kumlilia. Kila chombo cha kuhifadhi muziki kimewahi kupunguza kitu. Msikilizaji anayempenda mwimbaji hujaza mwenyewe palipopungua.

Sasa iweje Baba ashindwe kumtambua mtu aliyemsikiliza miaka hamsini?

Kaka yangu alifika mchana na familia yake. Nyumbani kwake alikuwa na CD halisi ya nyimbo hizo, akaenda kuichukua. Nikatoa wimbo mmoja nikautengeneza kwa namna nne: usiobanwa kabisa, wa 320, wa 128 na wa 64. Siku ya Boxing Day, baada ya pilau, nikawaketisha mmoja mmoja na hedifoni kubwa ninazotumia kazini kusikilizia mahojiano. Kila mmoja nilimpigia nyimbo mbili mbili bila kumwambia ipi ni ipi, mara kumi kwa kila jozi. Swali lilikuwa moja: upi umebanwa? Zamu yangu ilipofika, kaka ndiye aliyebonyeza.

Wa 64 tuliukamata bila shida. Mtoto wa kaka, mwenye miaka 12, hakukosa hata mara moja. "Shangazi, hapa kuna kitu kinafanya shwishwi," alisema, na ndicho hasa nilichokuwa nimekisoma usiku. Kwenye 128 mimi nilipata mara 5 kati ya 10, yaani nilikuwa nabahatisha. Kaka alipata 6. Mtoto alipata 8. Wa 320 hakuna aliyeutofautisha na CD.

Zamu ya Baba ilikuwa ya mwisho. Wa 64 na ule wa CD, ambao sisi wengine tuliona tofauti yake kama usiku na mchana, alipata mara 5. Ni sawa na kurusha sarafu. Nikampigia wa CD peke yake, kwa nafasi, nikamuuliza kama huyu sasa ndiye. Akasikiliza hadi mwisho. Akavua hedifoni taratibu.

"Hata huyu siye," akasema. "Siku hizi wanawaharibu wote."

Kaka alinitazama. Hakuna aliyesema neno.

Mambo tuliyokuwa tumeyaona bila kuyaona

Baadaye, tukiosha vyombo, Mama akaanza kuhesabu. Televisheni inayowashwa hadi majirani wanafuata taarifa ya habari kwao. Baba kuacha kwenda jumuiya, akisema watu wa siku hizi wanamung'unya maneno. Simu yake inaita mezani na yeye amekaa hapohapo. Wajukuu wakimwomba kitu, anaitikia "ndiyo" kwa tabasamu na hafanyi. Tulisema ni uzee. Mimi, mwandishi wa afya, nilisema ni uzee.

Baba alifanya kazi zaidi ya miaka ishirini kwenye kiwanda kimoja cha nguo, upande wa mashine za kufuma. Anasimulia kwamba ndani mle walizungumza kwa ishara za mikono. Hakuna aliyewapa kitu cha kuziba masikio.

Januari tulimpeleka kliniki ya masikio, pua na koo. Alikaa kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, akavalishwa hedifoni na kuambiwa abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Mimi nilikuwa nje ya kioo. Milio ya chini alibonyeza haraka. Milio ilipopanda juu, kidole kikatulia. Nilikuwa naona mtaalamu akiongeza sauti, akiongeza tena, na Baba amekaa kimya kama mtu anayesubiri basi.

Karatasi ya majibu ilikuwa na mstari unaokwenda vizuri kushoto kisha unashuka kama mlima. Mtaalamu alitueleza. Sikio la ndani lina chembe zenye vinyweleo vidogo sana zinazopokea mitikisiko ya sauti. Zinazopokea sauti za juu ndizo huchoka na kufa kwanza, kwa umri na kwa kelele. Zikifa hazioti tena. Mtoto mwenye masikio mazima anaweza kusikia hadi karibu hezi 20,000. Sisi watu wazima tunapoteza kidogo kidogo kutoka juu, na ndiyo maana mtoto wa kaka alinishinda kwenye jaribio.

Na sauti za juu hazibebi matoazi tu. Irabu zetu, a, e, i, o, u, zina nguvu nyingi chini. Konsonanti kama s, f, sh, k na t zinategemea sana sauti za juu. Mtu aliyepoteza sauti za juu anasikia kwamba unaongea, ila hajui kama umesema "fika" au "shika", "pata" au "kata". Kwake dunia nzima inamung'unya maneno.

Kwa hiyo Baba hakuwa amekosea, na hakuwa mkorofi. Gitaa kweli halikuwa lake. Kilichokuwa kimempunguzia Mbaraka ni kilekile kilichompunguzia sisi, na kilifanya hivyo polepole kwa miaka mingi bila yeye kujua. Angeendelea kuzisikiliza kanda zake pengine angezoea kidogo kidogo. Alikaa miaka bila muziki, kisha nikamletea flashi, akakutana na tofauti yote kwa siku moja.

Na huyu mwenye masikio mazima?

Kuna jambo la pili kutoka siku ile, na ndilo hasa lililonifanya niandike kwenye ukurasa huu.

Mtoto wa kaka alipomaliza jaribio alirudi kwenye simu yake na spika zake za masikioni, zile ndogo za bei ya chini. Alikuwa amekaa umbali wa hatua mbili nami, na niliweza kufuata wimbo wake neno kwa neno. Nikamwomba nisikilize. Nilizitoa masikioni haraka. Volyumu ilikuwa mwisho, na onyo la simu alikuwa ameshalibonyeza siku nyingi.

Nikamuuliza kwa nini sauti kubwa hivyo. Akasema: "Bila hivyo haina ladha, Shangazi."

Nyimbo zake alizipata kwa marafiki, na nilipozipima nyingi zilikuwa nusu MB kwa dakika. Mtoto yule, mwenye masikio bora kuliko sote nyumbani, alikuwa anasikia kwamba kuna kitu hakipo, akaongeza volyumu kukitafuta. Lakini kilichokatwa hakimo. Volyumu inaongeza ukubwa wa kilichobaki tu, na nguvu yote inamwingia sikioni.

Niseme wazi ili tusitishane: MP3 yenyewe haiharibu sikio. Wimbo uliobanwa vibaya ukisikilizwa kwa sauti ya wastani ni wimbo mbaya tu. Kinachoharibu ni ukubwa wa sauti na muda. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema zaidi ya vijana bilioni 1, wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa kusikiliza kwa namna isiyo salama. Mwongozo wake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75. Ukipanda hadi desibeli 90, saa 40 zinakuwa saa 4 tu kwa wiki nzima. Mtoto anayepanda daladala kwenda na kurudi shule akiwa na volyumu ya mwisho anaweza kuzimaliza saa hizo kabla ya Jumatano.

Kaka alinijibu kama ambavyo wazazi wengi wangejibu: "Si umeona anasikia kuliko sisi?" Ni kweli. Na Baba naye alianza kazi kiwandani akiwa na masikio kama ya mjukuu wake.

Tulichofanya nyumbani

Hatukumnyang'anya mtoto simu. Tulifanya mambo machache, na mzazi mwenzetu unaweza kuyafanya leo bila gharama kubwa.

Kwanza, tulifuta nyimbo za nusu MB. Si lazima kwenda 320. Karibu MB 1 kwa dakika inatosha kwa simu na spika za kawaida, na kama ni programu ya muziki yenye mfumo mpya zaidi, kama AAC au Opus, hata ndogo ya hapo husikika vizuri. Pakua ukiwa kwenye WiFi, bando libaki.

Pili, tuliweka kikomo cha volyumu kwenye mipangilio ya simu. WHO inashauri isizidi asilimia 60. Kipimo cha mama yeyote: kama mtoto amevaa spika za masikioni na wewe uliye umbali wa mkono unasikia wimbo, au ukimwita kwa sauti ya kawaida hasikii, ni kubwa mno.

Tatu, kaka alimnunulia spika za masikioni zinazoziba vizuri zaidi. Kelele za nje zikipungua, hamu ya kuongeza volyumu nayo hupungua.

Nne, akisema masikio yanalia "ngiii" baada ya kusikiliza au kutoka kwenye sherehe, hilo ni onyo. Apumzishe masikio. Likiendelea, apimwe.

Na kwa wenye kanda za wazee: usizitupe baada ya kuziingiza kwenye kompyuta. Mwambie fundi akuhifadhie nakala kamili isiyopunguzwa, kama WAV au FLAC, kisha kutoka hapo utengeneze nakala ndogo za simu. Ukianza na ndogo, umepoteza kubwa.

Baba alipata vifaa vya usikivu mwezi Mei, baada ya sisi watoto kuchanga. Wiki ya kwanza alilalamika: kandambili zake zinapiga kelele, sufuria za Mama zinapiga kelele, ndege wa kwenye mwembe hawalali. Tulielezwa kwamba ni kawaida, ubongo unajifunza upya. Kliniki ilimwekea pia mpangilio maalumu wa muziki.

Juni nilikwenda kumsalimu. Nilimkuta barazani na mjukuu wake, ile redio ya flashi katikati yao, nyimbo safari hii zimetoka kwenye CD ya kaka. Nilikaa kimya hadi wimbo ulipokwisha.

"Shikamoo Baba. Huyu je, ndiye?"

"Marahaba." Akafikiri kidogo, akatazama redio. "Anamkaribia."

Kisha akamgeukia mjukuu wake, akamwambia apunguze volyumu kidogo.